Mtoto Aliyewekwa Katikati: Malengo ya Kufundisha Imani kwa Watoto Wadogo

Kila mwaka, karibu na tarehe 29 Septemba, sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania huadhimisha Sikukuu ya Mikaeli na Watoto. Tumeizoea kiasi kwamba wengi wetu hatuulizi tena kwa nini malaika mkuu na watoto wadogo wamepewa siku moja. Jibu linapatikana katika Injili ambayo Kanisa la magharibi limeisoma siku ya Mikaeli tangu zamani: Mathayo 18, kuanzia mstari wa 1. Humo Bwana Yesu anafundisha kwamba wadogo hawa wana malaika walio karibu kabisa na Mungu, kwa hiyo asiwepo mtu wa kuwadharau. Na humo ndimo anapomwita mtoto mmoja na kumsimamisha katikati ya wanafunzi wake.

Tuisome habari hiyo polepole. Wanafunzi wameuliza ni nani aliye mkubwa. Mtoto anaitwa, anakuja, anasimama. Haulizwi aya. Haombwi kuimba. Hakuna anayempima kama anajua au hajui. Waliofundishwa siku ile ni watu wazima, na onyo kali kuliko yote, lile la jiwe la kusagia, waliambiwa wao.

Sikukuu yenyewe, kama inavyoadhimishwa katika sharika na mitaa mingi, pamoja na huku kwetu milimani Mgeta, imegeuza mpangilio huo. Mtoto bado yuko katikati, lakini sasa yeye ndiye anayepimwa, na wakubwa wamekaa kwenye mabenchi wakisikiliza kama atakosea. Ndiyo maana katika makala hii tunataka kuitazama sikukuu hii kwa jicho la uhakiki, pamoja na mafundisho yanayoiandaa, tukiuliza swali moja: mtoto wa miaka 3, 5 au 7 anatakiwa kujifunza nini juu ya Mungu, na nani aliyeweka lengo hilo? Tunaona kwamba mara nyingi lengo huwekwa kwa kutazama kitakachowafurahisha wakubwa siku ya sikukuu. Linapaswa kuwekwa kwa kutazama kile ambacho mtoto wa umri ule anaweza kukipokea, kukielewa na kukiishi.

Ratiba ya siku ile

Kila msharika anaijua ratiba. Watoto wanaongoza liturujia na kusoma masomo. Kwaya ya watoto inaimba, kuna ngonjera, kuna igizo. Kisha kundi baada ya kundi hupita mbele kusema aya walizozikariri. Wazazi husimama, wengine hutoka vitini kwenda kuwatunza, na vigelegele husikika hadi barabarani.

Yapo mema makubwa humo, na tusiyapite. Kwa mtoto ambaye Jumapili nyingine zote huambiwa anyamaze, kusimama madhabahuni na kusikilizwa na usharika mzima ni jambo la maana. Anajua kwamba kanisa ni lake pia. Hatuombi sikukuu iondolewe.

Lakini sikukuu hii imekuwa mtihani, na kila mwalimu anajua kwamba kinachotahiniwa ndicho kinachofundishwa. Ikifika Julai, Shule ya Jumapili mahali pengi huacha kuwa darasa na kuwa mazoezi. Mtoto wa miaka 4 hupewa Yohana 3:16, na dada yake wa miaka 11 hupewa hiyohiyo. Kipimo ni kimoja kwa wote wawili: sauti imesikika na hakuna neno lililorukwa. Yule mdogo akitetemeka na kulia, huchukuliwa na kurudishwa kwa mama yake huku watu wakicheka kwa upendo. Watu wazima wanajua kwamba ni upendo. Yeye hajui. Alichojifunza asubuhi ile ni kwamba katika nyumba ya Mungu mtu husimama ili atazamwe, na kusahau ni aibu.

Tunaona hasara tatu. Ya kwanza ni kwamba maneno hutangulia mbali mno kuliko kitu chenyewe. Mtoto wa miaka 4 bado anachanganya jana na kesho. Anaposema maneno ya uzima usiokuwa na mwisho, anatamka sauti nzuri tu. Sauti nzuri si dhambi, lakini tusiihesabu kuwa ni imani iliyofundishwa.

Ya pili inampata yule mkubwa. Aliyesema aya moja tangu akiwa na miaka 4 hadi 11 hudhani ameimaliza. Anapofika mafundisho ya kipaimara, anakariri tena, anapokea cheti, na mara nyingi haonekani tena. Wazee wa kanisa hulalamikia vijana wanaopotea baada ya kipaimara, na sababu ni nyingi: kazi, mji, simu, marafiki. Hata hivyo, mtu aliyezoezwa tangu utotoni kwamba kujua imani ni kumaliza kuisema, akishamaliza, arudi kufanya nini?

Ya tatu ni hofu. Pale ambapo mwalimu hana lengo linalolingana na umri, hutafuta namna ya kuwanyamazisha watoto, na moto wa Jehanamu uko karibu kuliko kitu kingine. Mtoto wa miaka 5 hana uwezo wa kuupima ujumbe huo pamoja na neema. Anauchukua mzimamzima, anakwenda kulala nao.

Katekismo Ndogo haikusema hivyo

Hapa Mlutheri makini atasimama na kusema: kukariri ni urithi wetu. Luther mwenyewe aliagiza watoto wajue Katekismo kwa moyo. Ni kweli, na inafaa tuangalie aliagiza vipi.

Mwaka 1528 Luther alishiriki ukaguzi wa sharika za Saksonia, akakuta watu wa vijijini hawajui hata misingi ya imani, na wachungaji wengi hawawezi kuwafundisha. Mwaka uliofuata, 1529, alitoa Katekismo Ndogo. Ilianza kuchapwa kama mabango ya kutundikwa ukutani, na vichwa vya sehemu zake vinaeleza kwamba hayo ndiyo mkuu wa nyumba anayopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa njia rahisi. Kwa hiyo kitabu hiki kilikusudiwa kwanza meza ya chakula na kitanda cha kulalia. Ndiyo sababu ndani yake kuna sala ya asubuhi, sala ya jioni na sala za mezani. Kilitazamia mtoto ayasikie maneno haya kila siku kutoka kwa watu anaokula nao.

Katika dibaji yake Luther alipanga hatua. Kwanza maneno yenyewe, bila kuyabadilishabadilisha, ili wadogo wasichanganyikiwe. Baadaye maana yake, sehemu moja baada ya nyingine, bila haraka, wala si zote kwa mara moja. Baadaye zaidi mafundisho mapana ya Katekismo Kubwa. Mwenye hatua tatu anakiri kwamba wanafunzi hawalingani. Sikukuu yetu imechukua hatua ya kwanza peke yake na kuifanya safari nzima.

Miaka mitatu kabla ya hapo, katika dibaji ya Misa ya Kijerumani ya mwaka 1526, Luther alipendekeza mchezo. Watoto wawe na mifuko miwili ya kuwazia, mmoja wa imani na mmoja wa upendo, na kila wanachosikia katika mahubiri wakitie katika mfuko unaostahili. Akijua kwamba wasomi watamcheka, aliwajibu kwa hoja ya kiteolojia: Kristo alipotaka kuwavuta wanadamu ilimbidi awe mwanadamu, basi anayetaka kuwavuta watoto na awe mtoto pamoja nao.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni barua. Mwezi Juni 1530, wakati Ungamo la Augsburg linakaribia kusomwa mbele ya Kaisari, Luther alikuwa ngome ya Coburg. Tarehe 19 alimwandikia mwanawe Hans, ambaye ndiyo kwanza ametimiza miaka 4. Huyu ndiye mtu aliyetoa Katekismo mwaka uliotangulia. Alimwandikia nini mtoto wa miaka 4? Alimsimulia juu ya bustani nzuri ambamo watoto waliovaa makoti ya dhahabu huokota matufaha, pea na plamu chini ya miti, wanaimba, wanarukaruka, na wana farasi wadogo wenye hatamu za dhahabu. Watoto wanaopenda kusali na kujifunza wanaruhusiwa kuingia, na Hans anaweza kuja na rafiki zake, hata na shangazi Lene. Hakuna aya ya kukariri humo. Hakuna moto. Mtoto anapewa picha anayoweza kuiona, watu anaowajua na matunda anayoweza kuyaonja akilini. Mtoto wa Mgeta, anayepita chini ya miti ya plamu akienda kuchota maji, angeielewa barua hiyo bila kufafanuliwa.

Kwa hiyo Luther alikuwa na Ungamo kwa ajili ya Kaisari, Katekismo Kubwa kwa wachungaji, Katekismo Ndogo kwa nyumba, na bustani kwa mtoto wa miaka 4. Imani ni moja katika yote manne, na kila mmoja alipewa kipimo chake.

Nani anauliza, nani anajibu

Maandiko yenyewe yana mpangilio ambao darasa letu mara nyingi huupindua. Katika Kutoka 12:26, Kumbukumbu la Torati 6:20 na Yoshua 4:6, anayeuliza ni mtoto. Ameona kitu: kondoo amechinjwa na mkate usiotiwa chachu umeliwa, au ameona jinsi nyumba yake inavyoishi kwa amri, au ameona mawe kumi na mawili ukingoni mwa mto. Kwa kuwa ameona, anataka kujua maana yake. Kazi ya kujibu amepewa mzazi.

Katika Shule ya Jumapili ya kawaida, anayeuliza ni mtu mzima na anayejibu ni mtoto, tena kwa maneno aliyopewa. Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini ndani yake kuna kila kitu. Mtoto anayeuliza ameanza kutafuta. Mtoto anayejibu kwa maneno ya kukariri anatafuta tu kumridhisha mwalimu. Hata Bwana Yesu, alipofikisha miaka 12, alikutwa hekaluni akisikiliza walimu na kuwauliza maswali, na Luka anahitimisha habari ile kwa kusema kwamba aliendelea kukua kwa hekima na kimo. Kama Mwana wa Mungu alikubali kuwa mchanga, kisha mtoto, kisha kijana, na kukua hatua kwa hatua, Kanisa lake linapata wapi haraka?

Serikali inasema nini

Tanzania imekuwa na mjadala huu kwa namna yake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi. Sera ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja kwa watoto wa miaka 3 hadi 5. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 ulitaja umahiri mkuu sita: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, stadi za kisanii na dhana za kihisabati, na ukasisitiza kujifunza kwa michezo na vitendo. Baada ya hapo ikaja Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ya mwaka 2021/22 hadi 2025/26, inayomwangalia mtoto tangu tumboni hadi miaka 8 katika afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama.

Tutazame neno la kwanza katika orodha ile ya mwaka 2016: kuhusiana. Serikali, ambayo haihubiri, imeweka uhusiano mbele ya hesabu. Kanisa, ambalo linahubiri kwamba Mungu ni upendo, mara nyingi huweka kukariri mbele ya uhusiano. Hilo linapaswa kutufikirisha.

Hata hivyo mtaala wa serikali una mpaka wake, na si kosa lake. Unaweza kumfundisha mtoto kuomba radhi. Hauwezi kumwambia kwamba amesamehewa na Mungu. Unaweza kumfundisha kutunza mti. Hauwezi kumwambia ni nani aliyeuumba. Hapo ndipo penye kazi ya chekechea ya kanisa. Inasikitisha kwamba chekechea nyingi za kanisa nchini zinashindana mahali pengine kabisa: ni mtoto yupi wa miaka 4 anayeandika herufi nyingi, nani anayehesabu kwa Kiingereza, na joho la mahafali limeshonwa kwa kitambaa gani. Mzazi anayelipa ada kwa fedha ya kabichi ana haki ya kuona matunda, na tunamwelewa. Lakini joho la mtoto wa miaka 5 linamwambia kwamba amemaliza, wakati ndiyo kwanza anaanza.

Mtoto wa Mgeta

Malengo hayawekwi hewani. Mtoto wa Nyandira, Langali, Tchenzema au Bunduki ana maisha yake, na mwalimu asiyeyajua atafundisha mtoto asiyekuwepo.

Mtoto huyu hupanda mlima mgongoni mwa mama kabla hajajua kutembea. Anajua ngazi za shamba, anajua ukungu wa Juni na baridi yake, anajua mbuzi wa maziwa kwa majina. Anajua siku ya kuchuma karoti kwa sababu nyumba nzima huamka kabla ya jua. Mfano wa mpanzi, wa mchungaji na kondoo, wa ngano na magugu, kwake si mfano wa mbali. Bwana Yesu alifundisha watu kama wazazi wake.

Lugha nayo ina uzito. Katika nyumba nyingi bibi bado anazungumza Kiluguru, watoto wanacheza kwa Kiswahili, kisha Jumapili wanakutana na Kiswahili cha Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952. Ni Kiswahili kizuri, tunakipenda. Lakini ni lugha iliyoandikwa kwa watu wazima kabla hata bibi wengi wa watoto hawa hawajaolewa. Mtoto wa miaka 4 akipewa aya kutoka humo bila kusimuliwa, amepewa mzigo uliofungwa.

Na tena, Waluguru huhesabu ukoo kwa mama. Mjomba ana neno, na bibi mzaa mama ana nafasi ambayo hakuna mwalimu anayeweza kuichukua. Tunaposoma 2 Timotheo 1:5, tunamwona Paulo akitaja imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Timotheo, Loisi, kisha kwa mama yake, Eunike, na ndipo ikafika kwa Timotheo. Mluguru anaposikia hayo haoni jambo la ajabu. Ndiyo njia ambayo mashamba na majina hupita nyumbani kwake. Imani nayo inaweza kupita hapo, kama Kanisa litamhesabu bibi kuwa mwalimu wa kwanza na kumwandaa kwa kazi hiyo, badala ya kumwachia msichana mmoja wa kwaya asiye na kitabu awafundishe watoto 60 nyuma ya kanisa.

Malengo tunayopendekeza

Tangu kuzaliwa hadi miaka 2, lengo ni moja: mtoto ajue kwa mwili wake kwamba yuko salama kati ya watu wa Mungu. Amebatizwa. Asikie jina lake likitajwa katika sala ya jioni. Aimbiwe. Achorwe ishara ya msalaba katika paji la uso, jambo ambalo Katekismo Ndogo inalihimiza asubuhi na jioni. Anayefundishwa katika umri huu ni mzazi, na hapo ndipo usharika uelekeze nguvu zake.

Miaka 3 na 4, mtoto aweze kusikiliza hadithi moja fupi, isiyozidi dakika chache, kisha aiigize. Kondoo aliyepotea na awe mbuzi aliyepotelea bondeni, na watoto wote wamtafute. Aweze kumshukuru Mungu kwa kitu alichokiona leo, kwa sentensi yake mwenyewe. Alijue jina la Yesu kama jina la anayempenda. Ajifunze kungoja zamu na kumgawia mwenzake. Katika umri huu asidaiwe aya ndefu, wala asitishwe kwa hukumu.

Miaka 5 na 6, aweze kusimulia hadithi kwa maneno yake, kwa mpangilio wake. Aulize, na asikemewe kwa kuuliza Mungu anakaa wapi au babu aliyezikwa anaona baridi. Aijue Sala ya Bwana kwa kuisali pamoja na wakubwa hadi imkae mdomoni. Ajue kwamba amebatizwa, siku gani, na wasimamizi wake ni akina nani. Aweze kuomba radhi na kusamehe, na aambiwe wazi kwamba Mungu pia husamehe.

Miaka 7 na 8, sasa anasoma. Hapa kukariri kuingie kwa nguvu, kwa kuwa akili imeiva kwa kazi hiyo: Amri Kumi, Imani, zaburi fupi, kila kimoja na maana yake katika maisha ya nyumbani, shuleni na sokoni. Anaposema amri ya kutoiba, aweze kutoa mfano kutoka gulioni. Aanze kupewa kazi ya kweli katika ibada, kama kupokea sadaka au kusoma somo alilolielewa.

Mwalimu atajuaje kwamba lengo limefikiwa? Atatazama mtoto anafanya nini na kuuliza nini, siku ya kawaida, wakati hakuna anayepiga makofi.

Pingamizi

Tunasikia pingamizi tatu, na zinastahili jibu.

Ya kwanza ni methali: samaki mkunje angali mbichi. Tunakubali. Lakini mkunjaji anajua tofauti ya kukunja na kuvunja. Mkulima wa Mgeta anaijua pia. Mbegu ya kabichi huanza kitaluni, hutunzwa kivulini, ndipo huhamishwa. Mbegu ya karoti hupandwa moja kwa moja, kwa kuwa ukiihamisha mzizi hupinda. Hakuna anayedai kitaluni kabichi iliyofunga. Hatuiti uvumilivu wake uvivu.

Ya pili ni nzito zaidi. Wapo wazee wetu wasiojua kusoma ambao katika ugonjwa wa mwisho, macho yakiwa yameshindwa, walishikwa na Zaburi 23 waliyoijua tangu utotoni. Je, tunataka kuwanyima watoto akiba hiyo? Hapana kabisa. Tunataka wawe nayo kwa njia ileile wazee hao walivyoipata. Waliisikia makaburini, kando ya vitanda vya wagonjwa, usiku wa mvua kubwa. Maneno yalikuja yakiwa yamefungamana na watu na mambo. Ndiyo maana yalikaa.

Ya tatu husema kwamba Neno la Mungu lina nguvu lenyewe na halirudi bure. Amina. Lakini ni Neno hilohilo linalotuonyesha Paulo akiwapa Wakorintho maziwa kwa kuwa hawajaweza chakula kigumu. Kuliamini Neno hakutuondolei wajibu wa kupima kijiko.

Yanayowezekana mwaka huu

Halmashauri ya usharika haihitaji kungoja dayosisi ili kuanza. Inaweza kuwagawa watoto katika makundi mawili au matatu ya umri, hata kama kundi moja litakaa chini ya mti. Inaweza kutenga fungu dogo katika bajeti kwa ajili ya walimu wa watoto, kama inavyotenga kwa ajili ya kwaya. Inaweza kuwaita mabibi na akina mama wenye watoto wachanga mara moja kwa mwezi kufundishwa sala za nyumbani. Inaweza kuamua kwamba hakuna fimbo wala vitisho katika Shule ya Jumapili, na kuliandika hilo katika kumbukumbu za kikao.

Na sikukuu yenyewe? Ibaki, na iwe sikukuu. Wadogo wa miaka 3 na 4 waigize hadithi yao, wote pamoja, bila mtu kutengwa peke yake mbele ya watu. Wa miaka 5 na 6 wasimulie, na mmoja wao aulize usharika swali, kisha mzee wa kanisa asimame amjibu kwa lugha ya mtoto. Wa miaka 7 na 8 waseme Amri na mifano yao. Wakubwa zaidi wasome na kuongoza sala. Kisha isomwe Mathayo 18, na mahubiri yaelekezwe kwa watu wazima, kwa kuwa ndio Bwana aliokuwa akizungumza nao.

Tunajua kwamba mzazi aliyetoka Kikeo tangu alfajiri, akiwa amemshonea mwanawe nguo mpya, anataka kumwona akisimama mbele na kusema. Ni haki yake kufurahi. Tunamwomba jambo moja zaidi. Jioni, wakiwa njiani kurudi, amuulize mtoto ni kipi alichokipenda katika hadithi ya leo, anyamaze, na asikilize jibu lote.